Chumvi Ilikuwemo Tayari

Bismillahi. Qabale binti yangu, salaam aleikum.

Karatasi hii nimeiomba kwa mwenye karakana, naye ameniuliza kama nimeanza kushtaki watu. Guyo fundi wa pampu anaandika barua! Acha acheke. Nimesukuma mabomba pembeni, nimekaa kwenye benchi la kazi, alasiri imeshapita na wewe uko kwa shangazi zako unaaga. Kesho asubuhi unasafiri. Kuna jambo nimelibeba miaka tisa, na kila nilipofungua mdomo nikuambie niliishia kukuuliza kama umekula. Basi litoke kwa kalamu, maana ulimi wangu ni mwoga.

Habari za kufunga mlango, kuweka simu mbali na dirisha na kuchagua marafiki, mama yako amekuambia mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Mimi sina la kuongeza hapo.

Juzi nilikuwa uani nikinawa, nikakusikia jikoni ukimwambia mama yako: "Nikifika nitaomba wanihamishe. Waniweke kwa mambo ya rekodi za hospitali. Mimi sitaki kuchanganyia watu vitu ya kunywa." Mama yako akakuuliza kwa nini, na wewe umeitwa chuoni kusomea ufamasia, kitu ambacho nusu ya watoto wa Isiolo wanakililia. Wewe ukamwita aje atie chumvi kwenye mchuzi.

Hapo nikakaa juu ya ndoo. Kwa sababu mimi ninajua, na labda ni mimi peke yangu ninayejua, kwamba tangu una miaka kumi hujawahi kutia chumvi kwenye sufuria yoyote. Unapika vizuri kuliko mama yako (usimwonyeshe barua hii), lakini chumvi unamwachia mtu mwingine. Watu wanadhani ni madaha. Si madaha. Ni kazi ya mikono yangu.

Sasa nisikilize. Nitakusimulia siku ile upya, maana uliyoyabeba wewe ni yale niliyokubali watu wakubebeshe.

Unakumbuka kijiji chetu kile cha ng'ambo ya Korbesa, kwenye njia ya Biliqo. Mimi ndiye niliyekuwa mwendesha mtambo wa kisima. Ninasema hivi kwa sauti ya chini leo, lakini wakati ule nilitembea kama chifu. Ngamia wa watu mia walikunywa kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu. Kisima kilipochimbwa alikuja kijana mmoja wa kupima maji, akachovya kifaa chake, akakitazama, akaniita kando. Akaniambia, "Mzee, hii ni ya mifugo. Watu waendelee kuchota kule mtoni kwa visima vya kuchimba na mkono." Mimi nikamwuliza yeye ni mtoto wa nani. Maji yalikuwa meupe, yakimetameta, hayana tope wala wadudu, na yule mtoto wa juzi anataka kuniambia ni ya ngamia! Alipoondoka nikawaambia watu maji yako sawa, wakanywa.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Niliamini kwamba kisichoonekana hakipo.

Na dalili zilikuwepo, tele. Mama yako alilalamika kila siku kwamba sabuni haitoi povu, na mimi nikamwambia amenunua sabuni mbaya. Birika letu liliota ukoko mweupe ndani mpaka likawa linabeba maji nusu. Wageni kutoka mjini wakinywa chai yetu walikunja uso. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwafanyia? Tulikuwa tunangoja! Mgeni akishika kikombe tunakonyezana, akikunja uso tunapasuka kwa kicheko, tunamwambia ana ulimi wa lami. Ulikuwa mchezo wa kijiji kizima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja na dawa mdomoni, sisi tukamcheka. Ndimi zetu zilikuwa zimezoea chumvi kiasi kwamba hazikuionja tena.

Halafu mdogo wako Halkano akaharisha. Alikuwa na miezi tisa. Mama yako alikuwa huku Isiolo akimuuguza bibi yako mzaa mama, na nyumbani tulikuwa mimi na wewe. Wewe ulikuwa darasa la nne. Mwalimu alikuwa amewafundisha wiki ile ile maji ya kumpa mtoto anayeharisha, na ulikuja mbio ukaniambia bila kupumua: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nilijivuna. Nikasema binti yangu ni daktari. Ukapima maji kwa ile chupa ya lita moja, ukayamimina kwenye sufuria, nami nikaweka kuni. Mpaka hapo hakuna aliyekosea isipokuwa mimi niliyenyamaza kuhusu maji yenyewe.

Mtambo ukaanza kukohoa. Unajua zamu za kunywesha zilivyo: kila kundi na saa yake, na injini ikizima kundi la nyuma linalikanyaga la mbele, na fimbo zinainuka. Nikakimbilia kisimani. Nilikuambia usitoe sufuria motoni mpaka nirudi, maana maji ya mtoto lazima yachemke sawasawa. Ukatii. Niliporudi maji yalikuwa yamebaki nusu na kidogo.

Wewe ulisema, na maneno yako ninayo mpaka leo: "Aba, maji imepungua."

Nikakujibu: "Imepungua aje? Hii imebaki ndio safi. Moto imetoa uchafu. Weka sukari na chumvi, koroga."

Ukaweka kama ulivyofundishwa. Ukakoroga mpaka punje zote zikaisha. Halafu ukaonja kwa kidole, ukaniangalia. "Aba, iko chumvi sana."

Nikachukua kijiko, nikaonja kwa ulimi wangu huu uliokufa. "Haina," nikasema. "Mimi nakunywa hii maji kila siku. Mpe mtoto."

Ukampa. Alikuwa na kiu, akanywa vizuri, na sisi tukafurahi kwamba anakunywa. Kadiri alivyokunywa ndivyo alivyozidi kutaka, na sisi tukampa. Jioni akaanza kushtuka-shtuka mwili. Tulimfikisha zahanati kwa pikipiki ya jirani, wewe ukiwa umeishika ile chupa tuliyotilia maji yaliyobaki. Halkano hakuiona asubuhi.

Sasa nakuja kwenye yale usiyoyajua.

Nesi aliniuliza tulimpa nini. Nikampa chupa. Akaonja tone, akatema pale pale chini. "Mlitumia maji gani?" Nikamwambia. Akaniita nje, nyuma ya tangi, wewe ukiwa umekaa kwenye ngazi na hukusikia. Akaniambia maji ya kisima kile yana chumvi yake yenyewe, na kuyachemsha hakuitoi, kunaiongeza makali, na sisi tumeweka nyingine juu yake. Akaniuliza, "Nani alikoroga hii?"

Qabale, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilisema, "Mtoto."

Haukuwa uongo, na ndiyo maana ulidumu. Wewe ndiye uliyekoroga. Tulipofika nyumbani akko, mama yangu, aliuliza swali hilo hilo mbele ya wanawake wote waliokuja matangani, na mimi nikatoa jibu lile lile, kisha nikatazama chini. Kabla ya arubaini walikuwa wameshakupa jina, Intala Sogidda, binti wa chumvi. Watoto wenzako walikuita hivyo kisimani. Mimi nilikuwa hapo, nimeshika ufunguo wa mtambo, nikasikia, nikaongeza moto wa injini ili nisisikie.

Watu waliponipa pole walisema ni kadari. Mimi nikaidaka kadari kwa mikono miwili, nikajificha nyuma yake. Leo nakataa. Ajali na ahadi viko kwa Mungu, sikatai, lakini Mungu hakuacha sufuria motoni akakimbilia injini. Niliiacha mimi. Mungu hakumwita yule kijana wa vipimo mtoto wa juzi. Nilimwita mimi. Nimechoka kumsingizia Mwenyezi.

Nesi ndiye aliyezunguka boma kwa boma kuwaambia akina mama watumie pakiti za zahanati za mtoto anayeharisha na maji ya visima vya mtoni. Hakunitaja. Nilisimama nyuma ya watu nikitikisa kichwa kama mmoja wao. Mwaka ulipokwisha niliacha kazi ile nikawaleta Isiolo, na watu wakadhani nimefuata shule zenu. Nilikuwa nakimbia lile jina, lakini lilipanda gari pamoja nasi.

Ngoja nikuambie jambo la kuchekesha kidogo, maana najua unalia na mimi sijazoea kukuliza. Ulipokuwa kidato cha tatu ulimpiga mdogo wako aliyezaliwa huku mjini kwa kukunja kurasa za kitabu chako cha kemia. Hakuzikunja yeye. Ni mimi! Ulipokuwa ukienda madrasa nilikuwa nakichukua, na kamusi kando, nasoma ile sura ya kuyeyuka. Kiingereza chake kilinitoa jasho kuliko pampu yoyote. Nilisoma ukurasa mmoja wiki nzima. Nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa kwamba chumvi ikiyeyuka inaisha. Nilitaka sana pawepo.

Hapapo. Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini acha niyaseme kwa njia yangu. Chumvi ikiingia majini, maji yanaivamia kutoka pembeni. Yanaing'oa kipande kimoja kimoja, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, kisha yanakizingira kila kipande kisirudi kwa wenzake. Ukikoroga unaharakisha tu. Ukisaga punje ziwe ndogo unaharakisha tu. Moto nao unaharakisha. Lakini hakuna hata chembe inayopotea. Pima chumvi, pima maji, halafu pima vyote vikishachanganyika: uzito ni ule ule. Na ukichemsha, kinachopaa ni maji peke yake. Chumvi inabaki chini ikikungoja.

Sikuridhika na kitabu. Mjomba wako alipokuwa anataka kuleta mbuzi sokoni mwaka jana, nilimwomba anijazie mtungi mdogo kutoka kisima kile. Nikaja nao hapa karakana. Nikapima lita moja kwa chupa, kama ulivyopima wewe, nikaichemsha kwenye sufuria safi bila kuongeza kitu. Maji meupe, Qabale, ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Nikachemsha mpaka yakakauka kabisa. Sufuria ikabaki na utando mweupe. Nikaukwangua kwa kisu, nikautia kwenye kijiko cha chai. Ulijaa karibu nusu.

Nusu kijiko. Kabla hujagusa chochote, kabla mwalimu wako hajasema neno, nusu kijiko chako kilikuwa kimeshatiwa. Ukaweka kingine kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa, na ulifundishwa sawa. Na vyote viwili nikavibana mimi ndani ya maji yaliyobaki nusu. Mwalimu wako alifundisha maji ambayo hayana kitu ndani. Hakuna aliyemwambia tulikuwa tunakunywa nini, na aliyejua alikuwa mmoja.

Nilikaa na kijiko kile mpaka mwenye karakana akaniuliza kama ninaumwa. Nesi alikuwa ameniambia kwa maneno, na maneno mtu anaweza kuyazoea. Kijiko sikuweza.

Ungeniuliza kwa nini sikuja nyumbani siku ile nikakuambia. Niliogopa, ndilo jibu. Mimi niliyewahi kusimama kati ya makundi mawili yenye fimbo na bunduki nikiwa na spana tu mkononi, niliogopa akko, mama yako, na wewe. Nilijiambia umesahau. Nilijiambia jina lile limefifia huku mjini. Wanasema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi niliificha aibu mpaka nikakusikia jikoni ukiwa tayari kutupa maisha uliyoyatafuta kwa taa ya betri, kwa sababu unauogopa mkono wako mwenyewe.

Mkono wako haukukosea! Nasema hili na ninataka kulisema mbele ya yeyote anayetaka kusikia. Ulipima sawa. Uliona maji yamepungua. Ulionja ukajua. Ulikuwa na miaka kumi, na ulijua kuliko mwanamume mwenye ndevu na ufunguo. Kosa lako pekee lilikuwa kumtii baba yako, na hilo tuliwafundisha sisi wenyewe.

Sikuambii usomee nini. Nimepoteza haki ya kukuamulia. Ukipenda rekodi kwa sababu unapenda kalamu na majina ya watu, nenda kwenye rekodi na nitajivuna. Lakini usiende huko kwa sababu ya chupa ile. Nakataa. Hata ukikasirika, nakataa. Na nikuambie ninachokitamani, kisha unifunge mdomo: natamani siku moja mtu akuletee maji yanayong'aa akisema ni safi, mkubwa, mwenye cheo, na wewe umwambie asubiri kwanza uyapime. Akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, mtajie jina langu. Mwambie baba yako ndiye aliyewahi kuuliza swali hilo.

Sasa nimalizie kwa yaliyotokea leo, maana sikutaka uondoke na siri nyingine mkobani. Sikuanza na barua hii. Leo baada ya adhuhuri nilimwambia mama yako, kila kitu, tukiwa tumekaa kwenye mkeka na chai ikipoa. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na mtoto alikuambia?"

Nikasema, "Aliniambia. Mara mbili."

Akainuka, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Baadaye akatokea mlangoni akasema, "Nenda kwa mama yako. Halafu uandikie mtoto. Kwa mdomo hutaweza." Tangu hapo hajanisemesha, na ana haki. Hata akikaa mwaka.

Nikaenda mtaa wa Bulapesa kwa akko. Alikuwa na wenzake watatu, wale wale wa matangani, wakichambua majani ya chai. Walitaka kutupisha, nikawaambia wakae. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, mmoja akaanza, "Lakini Guyo, ni kadari ya..." Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mama mzee maishani mwangu. Nikamwambia, "Mama, kadari sio ile imeacha sufuria kwa moto. Ni mimi."

Akko akayasukuma majani pembeni. Unajua uso wake ulivyo, hauazimi mtu machozi. Halafu akasema, "Miaka tisa mimi nimeita mtoto wa watu hiyo jina. Mbele ya watu." Akaniambia nitoke, hataki kuniona leo. Nilipofika kwenye geti akanifuata kwa sauti: "Kesho, kabla aende stage ya basi, mlete hapa. Hawa wote watakuwako. Nataka kumwita Qabale, wasikie."

Kwa hiyo kesho tutatoka mapema. Barua hii ninampa mama yako akupe ukirudi, na mimi nitakuwa msikitini ili usome bila kunitazama usoni. Sikuombi unisamehe. Msamaha ukija, utakuja kwa saa yake, na usipokuja nitaishi. Usiponisalimia asubuhi sitauliza kwa nini, na nitawazuia wengine wasiulize. Ukitaka kutembea nyuma na mama yako, tembea.

Lakini sanduku nitalibeba mimi, kutoka mlangoni mpaka kwa akko, na kutoka kwa akko mpaka stage, katikati ya barabara, watu wote wakiona.

Aba wako,
Guyo